Saba, Saba, Saba

Daftari langu lilikuwa zuri mno.
Saba nukta moja. Saba nukta mbili. Saba kamili.
Asubuhi saba, jioni saba,
mwezi mzima sukari imetulia
kama ziwa lililochorwa na mtoto,
bluu tupu, bila gugu hata moja.

Daktari kule Bugando akagonga meza kwa furaha,
na mama, aliyekipanda kilima kwa miguu ili nauli ibaki,
akafuta jasho na chozi kwa khanga ileile.

Nkwimba alikuwa benchi la nje.
Beji ya karatasi: MWELIMISHAJI RIKA,
herufi ya mwisho imebanwa ukingoni.
Fundi cherehani wa Kirumba, futi ingali shingoni,
miaka sita tu kunizidi.
Akalipekua daftari. Akalinusa.
Kweli, alilinusa.
"Kalamu moja," akasema. "Usiku mmoja.
Umeandika jana, kwa tochi ya simu."

Nikatafuta pa kuweka macho.

"Mimi nilikuwa naandika sita, sita, sita.
Wewe angalau una adabu, umeweka nukta."
Akacheka hadi muuza karanga akageuka,
na mimi, sijui kicheko kilitokea wapi,
tangu Januari sikuwa nacho.

Hakuniuliza kwa nini. Kwa nini wanauliza wote.
Aliuliza: "Saa ngapi ndiyo inakuwa ngumu?"

Saa saba mchana, nikamwambia.
Choo cha shule hakina komeo,
nashika mlango kwa mguu, sindano kwa mkono,
na nje wanasema huyu anajidunga unga.
Na saa mbili usiku. Sinia moja,
ugali wa muhogo, sato mmoja, mikono minane:
nani anahesabu matonge gizani?
Na mama, anayewaambia wengine
mficha maradhi, kilio humfichua,
majirani zetu kawaambia nina malaria sugu.

Jumamosi akapanda kwetu Igogo, jiwe kwa jiwe,
kabeba mtungi ndani ya mtungi.
Katikati akajaza mchanga, akaulowesha,
maana umeme wa kwetu huondoka bila kuaga.
Akailaza chupa yangu ndani kama yai la kware.
Kisha akafunua tumbo lake mbele ya mama,
vidoa vidoa, kama kitambaa kilichofumuliwa.
"Hamisha. Leo hapa, kesho pale.
Ukishona palepale kila siku, patachanika."
Mama akainama kutazama.
Akauliza bei ya kushona sare.
Jioni hiyo nikapata sahani yangu peke yangu,
na hakuna aliyesema kitu.

Sitasema niliponyoka. Haiponi hii.

Mwaka wa pili, mwezi wa tano,
nikamkuta kibandani, cherehani kimya,
gauni la mtu limekatwa mkono mmoja.
Kipimo kiko mezani: kumi na tisa.
"Siku tatu sijachoma," akasema.
"Sikuishiwa dawa. Nilichoka tu."
Na beji imening'inia ukutani juu yake.

Nilitaka kusema yote aliyonifundisha.
Yalikuwa mdomoni, yamepangwa, yana nukta.
Nikavuta stuli.
"Saa ngapi," nikauliza, "ndiyo inakuwa ngumu?"

Akanitazama kwa muda.
Nje walikuwa wanaanua dagaa, mvua inakuja kutoka ziwani.
"Alfajiri," akasema. "Kabla sijakumbuka kwamba ninao.
Halafu nakumbuka."

Nikamletea maji, na sindano yake.
Sikutazama pembeni.

Daftari langu sasa ni baya.
Kumi na moja. Nne. Tisa. Kumi na sita, harusi ya Bwire.
Kalamu nyeusi, kalamu nyekundu, penseli ya macho ya dada.
Jumatano haina namba,
ina doa la mafuta ya dagaa.
Nimeliacha.