Siku Tisini

Paysandú, Desemba thelathini na moja, jua la kiangazi.
Ghala la sufu linanuka jasho la kondoo.
Nélida Etcheverry kamwaga kikasha mezani:
noti, sarafu, risiti ya sabuni, kifungo cha koti.
Anahesabu mara mbili. Mimi naandika.

Kilichomo kikashani, ndiyo.
Kilichomo benki, tunachokichomoa saa yoyote, ndiyo.
Hundi ya Olivera, yenye tarehe ya Februari?
"Ahadi hiyo. Ahadi hailipi mshahara."
Hati ya hazina ya siku sitini?
"Huyo ndugu wa taslimu. Ukimwita anaitika,
wala haji amekonda. Mwingize."

Don Anselmo, mwenye ghala, anajipepea kwa bahasha.
Mkopeshaji wake anataka kuona mfuko mnene.
Anasogeza karatasi: amana ya miezi sita.
"Imebaki wiki tatu tu, Nélida."
"Hatuhesabu siku zilizobaki.
Tunahesabu tangu ulipoiweka. Ukomo ni tisini,
hata ukilia."

Nami, mwanagenzi mwenye kiherehere,
nimekwisha kuiandika kwa wino.
Naikata. Jumla inanywea
kama sufu iliyochemshwa.

Mali bila daftari huisha bila habari;
ya daftarini nayo huisha,
ila habari unazo.

Napiga mistari miwili chini yake.
Feni inazunguka, haipozi kitu.
Don Anselmo anaitazama namba ile kitambo kirefu,
kisha ananyoosha mkono,
anaomba kifungo chake.