Jani la Kumi na Tano

Ntokela, mwezi wa saba. Umande umeganda juu ya kabichi
na mimi nimeshika kamba ya pampu tangu alfajiri.
Navuta. Inakohoa mara moja, kisha kimya.
Navuta tena; kamba inakuja laini mno kiganjani,
na ulaini huo ndio unaonitisha:
injini yenye pumzi hukubishia mkono.

"Itupe," anasema Mwaisabila wa duka la pembejeo.
"Mwanjelwa zimejaa mpya, nyekundu, bei ya kuongea."

Naibeba hadi uani, naiweka juu ya gunia.
Tapeti hazipimwi injini ikiwa ya moto.
Huku kwetu sheria hiyo inajitii yenyewe:
chuma kimelala nje usiku kucha, kinauma vidole.

Spana namba kumi. Kifuniko kimeng'ang'ania gasketi
kama mtoto na shuka asubuhi ya shule.
Ndani, springi mbili, vikono viwili vya chuma,
na oili nyeusi inayonuka msimu uliopita.

Nachomoa plagi, naziba tundu kwa kidole gumba,
navuta kamba polepole,
polepole,
hadi pumzi inanisukuma kidole.
Hapo natumbukiza bua la ngano, nalitazama likipanda,
likipanda, likisimama.
Pistoni imefika juu. Valvu zote mbili zimefumba.
Au zinapaswa kuwa zimefumba.

Fila tulinunua kwa ubia, kama pampu, kama shamba.
Ilikuwa na majani kumi na matatu.
La kumi na tano alilichomoa Anyosisye mwenyewe,
siku tuliyogawana mpaka kwa hatua za miguu,
akasema kila mtu achukue chake.
Mimi nikabaki na fila yenye pengo,
kaka yangu na kipande cha chuma kisichompimia kitu.

Upande wa kabureta unataka kumi na tano.
Nalaza la kumi juu ya la tano, tone la oili katikati.
Yanapita kwa ule ugumu mzuri,
kama kuchomoa barua kwenye bahasha iliyonyeshewa.

Upande wa ekzosti, ishirini. Haliingii.
La kumi. Haliingii.
La tano, linalotetemeka nikihema tu: haliingii.
Nafungua ekzosti, naweka tochi ya simu kwenye tundu la plagi,
nachungulia upande wa pili.
Ukingo wa valvu una kovu la kahawia,
na uzi wa mwanga unapita pale
ambapo hata moshi haukutakiwa kupita.

Chuma kikipata moto hurefuka.
Ukikibana kikiwa baridi unakinyima pa kurefukia,
valvu inabaki mdomo wazi,
na nguvu yote inaponyoka bila kuinua ndoo moja.
Haya nayaandika sasa. Pale uani niliwaza jambo moja:
nati hii nani aliikaza?
Mimi. Desemba. Kwa hasira,
nikidhani kukaza ndiko kutengeneza.

Nalegeza. Ishirini inaingia.
Nakaza nati ya kufungia, nayo inakula nafasi; narudia.
Mara ya nne inakubali kukaa.
Kovu sitalisaga leo. Litavuka viazi hivi, tukijaliwa.

Sasa kamba inanibishia, karibu iningʼoe bega.
Mvuto wa pili, inanguruma;
bata wa jirani wanatawanyika, mpira unavimba mtaroni.

Ng'ambo ya mfereji kichwa kinainuka kati ya matuta.
"Imelia?"
"Imelia."
"Ekzosti umeweka ngapi?"
"Ishirini."
Anaitikia kwa kichwa, anarudi kwenye jembe lake.
Tangu Januari hatujawahi kuongea kirefu hivyo.

Jani hakulileta, nami sikuliomba.
Nimelifunga la kumi na la tano kwa uzi wa gunia.
Kesho nabadili oili.