Kilo Nane Kifuani

Nikageuza ufunguo: ta.
Tena: ta.
Kama mgeni anayekohoa mlangoni asipige hodi.
Plymouth ya baba, ya mwaka sabini, rangi ya haradali,
imegoma kuamka, na nje, hapa Ishpeming,
theluji ya Aprili inaanguka
kana kwamba hakuna aliyeiambia msimu umekwisha.

Niliingia uvunguni na taa, nikafungua bolti.
Stata ikanishukia kifuani, kilo nane za chuma,
ubavu mmoja umebabuka
kwa miaka hamsini ya kulala jirani na ekzosi.
Mezani nikaivua nguo:
brashi zimelika hadi mfupani,
bushi inacheza kama jino la mtoto.

Nikampigia Delphine wa duka la vipuri, Marquette.
"Flaiwili yako ina meno mangapi?"
"Sijui."
"Kahesabu. Ni mia na thelathini au mia na arobaini na tatu.
Ukikisia, meno yatatafunana badala ya kuumana,
na mimi sirudishi pesa."

Nikahesabu kwa chaki, nikizungusha injini kwa mkono.
Kwenye sabini na moja mbwa akabweka, nikapotea.
Nikaanza upya.
Mia na thelathini.
Nikahesabu tena, maana najijua.

"Basi chagua," akasema Delphine.
"Hiyo yako naweza kumpelekea mzee Wendell, Negaunee,
aisuke upya, wiki sita, naye hapendi kuharakishwa.
Au uchukue mpya: ndogo, nusu ya uzito,
unaigeuza upande ikae mbali na ekzosi,
na kwenye baridi inazunguka kama imeibiwa.
Mimi nauza zote. Sina dini."

Nilinyamaza sana kwenye simu,
kwa sababu ya sauti.
Ile ya zamani ina gia tumboni, hailii kama stata nyingine:
inacheka kwanza, kama farasi aliyesikia umbea,
ndipo injini ijibu.
Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri,
baba akienda zamu mgodini,
Bi Hiltunen wa ng'ambo ya barabara
aliisikia, akateleka birika.
Na jioni, ikilia huko kwenye kona ya kanisa
kwa kuwa gari limezimika mlimani,
mimi na kaka tulijua tuna dakika tatu
za kuficha tulichovunja.

Baba akashuka ngazi, mkono ukutani.
Masikio yake aliyaacha chini, kwenye mashine za kutoboa mwamba.
Nikamwandikia kwenye boksi: NA SAUTI?
Akasoma. Akacheka hadi akakaa.
Akainyanyua ile nzee, akaipima,
akanirudishia mikononi.
"Januari, nani atalala chini ya gari?"
Nikajigusa.
"Basi kifua ni chako."

Mpya ilifika Ijumaa ndani ya povu jeupe, kama yai.
Bolti mbili, nyaya mbili, kufumba na kufumbua.
Nikagusa ufunguo: vyu, na injini tayari inanguruma
kabla vidole havijaachia.
Baba aliweka kiganja juu ya boneti, macho kafumba,
akatikisa kichwa cha ndiyo.

Nikatazama ng'ambo.
Pazia la Bi Hiltunen halikusogea.
Muungurumo aliusikia, vikombe vyake lazima vilitikisika,
lakini yeye alizoea kuitwa kwanza.

Ile nzee sikumpelekea Wendell. Sikuitupa pia.
Iko rafuni juu ya makopo ya rangi,
imevikwa shati la baba la flana.
Jumanne usiku, mlango wa gereji wazi,
niliishusha, nikaikanyaga kwa buti isiruke,
nikaiunganisha na betri pale sakafuni.

Ikacheka.

Ng'ambo ya barabara
taa ya jikoni ikawaka.