Gesi Iliyobaki

Mtungi umekata roho saa tatu usiku,
mtori haujaiva, ndizi bado zinaugomea mwiko.
Nimeutikisa, nimeulaza ubavu,
nimeupiga kofi.
Moto wa bluu ukarudi, ukakohoa, ukaenda zake.
Mjini Moshi, na jikoni kwangu hata moshi hakuna.

Basi nimerudi mezani, dirisha nimefunga kwa ajili ya mbu,
kwenye galaksi yangu namba kumi na saba,
nukta ya kijivu isiyozidi punje ya ulezi.
Nuru yake iliondoka huko mlima huu haujawa,
ardhi ya kuubeba mlima haijawa.
Na swali langu kwake ni lile lile la jikoni:
imebaki gesi kiasi gani?

Maana nyota haziumbwi kwa dua.
Huumbwa kwa gesi baridi, iliyotulia,
ikajikunja, ikajibana, hadi ikawaka.
Galaksi iishiyo peke yake
huletewa gesi kidogo kidogo toka gizani
kama maji ya mfongo yashukavyo toka msitu wa juu ya Kibosho,
yakipita kila kihamba bila kupiga hodi.

Lakini kwenye kundi, zilikobanana mamia,
katikati yake kuna hewa ya moto
nyembamba kuliko pumzi,
ila kwa anayekimbia ni upepo.
Galaksi ikiingia kwa kasi huvuliwa gesi yake
kama kanga begani kwa abiria wa bodaboda.
Mkia mrefu hubaki nyuma,
na nyota mbili tatu huzaliwa njiani, hazina kwao.

Nyingine hazivuliwi kitu.
Mfereji tu unazibwa huko juu.
Zinaendelea kupika na kilichomo mtungini,
zinang'aa, na majirani hawajui.

Nilimweleza baba mdogo Ndesario, Jumapili, shambani.
Kihamba cha babu kilikuwa kimoja; leo kina nyumba tisa,
migomba ya kuhesabika,
mfongo umekuwa njia ya kuku.
"Kumbe hata huko waligawana," akasema.
Nikasema hapana, si kugawana, ni...
nikakosa neno.
Akauliza kama kazi hii ina bima.

Usiku huu, namba kumi na saba
ipo katikati kabisa ya msongamano.
Kwa hesabu zangu ilipaswa kuwa kavu.
Nimechuja kelele za antena, nimerudia mara tatu.
Mstari unapanda: kilima kidogo, kigumu kukanusha.
Gesi ipo. Tele. Imejikusanya kitovuni
kama makaa yaliyofukiwa majivuni.
Labda ndiyo kwanza imefika.
Labda msongamano wa enzi zile
ulikuwa haujajifunza kunyang'anya.
Nimeandika labda zote mbili.

Mlango. Ni Mama Aikande wa chumba cha pili,
ukuta wetu ni mmoja, husikia hata nikikuna kichwa:
"Nimesikia unapiga mtungi. Lete sufuria."

Nimeibeba kwa mikono miwili,
kompyuta nimeiacha inawaka.