Hesabu ya Mavi

Nimeajiriwa kuhesabu mavi.
Cheka tu. Mama alicheka
hadi mtandio ukamwanguka begani,
kisha akauliza wanalipa rupia ngapi.
Nikamtajia. Akanyamaza,
akarudi kukokota chumvi yake na reki.

Alfajiri naivuka Rann kwa baiskeli ya marehemu baba,
uwanda mweupe uliopasukapasuka
kama nyayo zetu sote wa kazi hii,
mpaka kwenye bet, kisiwa kisicho na bahari,
kifua cha udongo kilichoinuka kidogo tu
juu ya chumvi.
Na pale punda-mwitu kumi na mmoja,
mgongoni chapati iliyoiva,
tumboni chapati mbichi.

Dume ana adabu yake.
Huenda pale pale alipokwenda jana,
hunusa, hugeuka, huongeza.
Rundo ni mpaka. Rundo ni barua:
hapa kwangu, wewe pita mbali.

Daktari Oza alinifunza kuzipasua barua hizo kwa kijiti,
kuchambua kama achambuaye mchele,
na kuandika.
Donge la kwanza, mbegu kumi na saba.
La pili, thelathini na moja.
La tatu, unyasi mtupu, nikafurahi kipumbavu.
La nne sikumaliza kuhesabu:
moja ilikwisha kuota,
vijani viwili vimesimama
kama masikio.

Mti huu uliletwa, wazee wanasema,
uzuie chumvi isitembee.
Tunauita gando, mwehu.
Hauulizi mvua, haujui msimu,
ukiukata shina moja unakurudishia sita.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu tulimpa,
akalivunja mpini.

Lakini maganda yake matamu.
Nilipokuwa mdogo nami niliyatafuna,
tamu, tamu, halafu chungu kooni.
Punda huyala usiku kando ya mashamba ya jira,
wakikwepa mbwa na tochi,
kisha hutembea.
Hapo ndipo penye neno: hutembea.
Kilomita kumi na mbili za chumvi,
tumbo likilainisha gamba gumu la mbegu,
likiiandaa,
kama mkunga asiyeuliza mtoto ni wa nani.

Mchana hugaagaa vumbini, kiwanja kile kile,
kwato zikichimba vishimo vya ukubwa wa kikombe cha chai.
Mvua ya Julai ikishuka
kila kishimo ni kitalu.
Daktari anasema miiba itakapofunga bet yote
hawatakuwa na pa kulala
pa kumwona mbwa-mwitu akiwa bado mbali.
Wanajijengea ukuta, naye hana pa kuwashtaki.

Na sisi je? Kaka yangu Jesang huchoma makaa ya gando.
Ada ya shule ya mwanawe imetoka humo,
na chai ninayokunywa sasa.

Jana nilirudi mapema, jua limenishinda.
Nyuma ya kibanda chetu, karibu na mtungi,
pale ninapokung'uta gunia la sampuli kila jioni,
miche tisa.
Mmoja umefika gotini,
mama ameanika juu yake soksi.
Nikashika shoka.
"Uache," akasema, akimwaga maji ya vyombo shinani
kama vile ni kazi ya miaka mingi.
"Jangwani hapa, kivuli hakiulizwi kwao wapi."

Usiku, kwa taa ya sola,
nilifungua daftari la Daktari.
Safu ya tatu, msambazaji:
punda, punda, punda, punda,
kurasa kumi na nne za punda.
Chini yake, kwa mwandiko mdogo,
nikaandika: Kanku, mbegu tisa, umbali kilomita sita,
kwa baiskeli.
Jumatatu ataniuliza huyu ni mnyama gani.
Sijajua bado nitamjibu nini.
Soksi, asubuhi, zilikuwa zimekauka.