Picha Haina Mgongo

Fomu ya halmashauri inauliza: Aina ya jengo.
Nimesimama Kwemkole, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Muheza,
kanda ya kupimia mkononi, kalamu imegoma kwa jasho,
na mbele yangu ngome.

Ngome kweli. Minara miwili,
ukuta wenye meno juu kama msumeno,
vitundu vyembamba vya kurushia mishale
vikitazama mkonge,
mkonge,
halafu mkonge.

Bwana Wendt alikuja na miche ya katani
na kadi moja ya posta: jumba la kwao, juu ya mto.
Akamwita babu yangu, Semhando, fundi wa mawe na chokaa.
"Hili. Kama lilivyo."
Babu akaigeuza kadi.
Nyuma kulikuwa na stempu na mwandiko wa mwanamke.
"Bwana, na upande wa pili wa nyumba?"
"Jenga!"
Akauliza tena, maana fundi hajengi asichokielewa:
"Adui atatokea wapi?"
Bwana Wendt alicheka hadi miwani ikamdondoka.
Babu hakucheka.
Vitundu akavielekeza kambini,
kwa kuwa huko ndiko bwana alikokuwa akitazama.

Mawe ya matumbawe yalipanda reli kutoka Tanga,
yakashuka mabegani mwa watu wa mbali,
watu wa kipande cha siku thelathini
ambao mwezi wao mmoja ulichukua miezi miwili kuisha.
Mmoja wao, Lugusha, alianguka na jiwe lake.
Ndiyo maana mnara wa kushoto ni mfupi kwa safu tatu:
babu alikataa kupandisha jiwe juu ya lile.
Bwana alidhani ni hesabu iliyokosewa,
akakata mshahara.

Kisha vita. Wendt akaondoka na masanduku mawili.
Mwingereza akabandika karatasi mlangoni,
na kijana wa misheni akamsomea babu, herufi kwa herufi:
MALI YA ADUI.
Hapo ndipo babu alipocheka.
Alikaa chini kabisa, kwenye ngazi alizozijenga mwenyewe.

Akaja Komninos, Mgiriki, aliyefuga batamzinga mnarani
na kuanika shuka kwenye meno ya ukuta.
Mkewe, wanasema, hakuweza kulala Jumapili,
siku mashine ya korona iliponyamaza.
Likaja shirika, likaja na meneja na ratiba ya chai.
Ikaja nailoni.
Wakaja popo; wao hawakuhitaji barua.

Napima mbele: mita ishirini na mbili na nusu.
Dari limekaa sakafuni. Mvule umeliwa na mchwa.
Nazunguka.

Nyuma hakuna ngome.
Babu alipoishiwa picha
alijenga alichokijua:
baraza refu, uwanja wa kufagiwa, jiko la nje,
kizingiti cha chini anachokivuka mtoto atambaaye.
Kaya sita zinaishi hapa. Muhogo umeanikwa kwenye jamvi.
Msichana anafua sare ya shule, shati moja, taratibu,
kama mtu asiye na la pili.
Redio inatangaza bei ya machungwa.

Naandika: Mbele, gofu. Nyuma
halafu nasita, maana kisanduku cha fomu ni kidogo
na kinataka neno moja.

Bibi mmoja ananisogezea kigoda.
Anaitazama kanda yangu ikijikunja, tsss, kurudi ndani ya kopo lake.
Hajui mimi ni mjukuu wa nani. Sijamwambia.
"Mwanangu," anasema, akichagua mawe kwenye mchele,
"mnatutoa lini?"

Upande huu babu hakuacha kitundu hata kimoja.
Nakaa.
Kalamu, sasa, inaandika vizuri kabisa.