Mfuko Unaopumua

Kikohozi cha mama mkwe ndicho kilikuwa jogoo wangu.
Miaka tisa, saa kumi alfajiri,
kabla jogoo mwenyewe hajanyoosha shingo,
kilipenya ukutani: kikavu mara tatu, kisha kirefu,
nami nikajua Nemesia amechutama,
anapuliza kuni mbichi za mkalitusi,
na simbilisi wanamlilia miguuni, kwii, kwii,
wakidai majani.

Huku Quishuarpata, juu ya mawingu ya Cajamarca,
jiko halina dirisha. Baridi haina adabu.
Moshi ulikuwa mpangaji asiyelipa:
ulilala darini, ukavaa masizi,
ukamla Nemesia macho
polepole, kama riba.

Mwezi wa tano akaja fundi Abelino
na robota la plastiki juu ya punda.
Tukachimba mtaro wa mita saba,
tukatandika nyasi kavu, tukaulaza mfuko
"kama maiti," alisema mama mkwe,
akapiga ishara ya msalaba.
Ndoo moja ya mavi ya ng'ombe, tatu za maji,
kila siku. Halafu subira.
Subira ya siku ngapi?
Abelino akatazama kilele, akakuna kidevu.
"Kwa baridi hii? Sitini. Labda tisini."

Basi nikawa yaya wa mnyama asiye na miguu.
Ng'ombe wetu wawili, Mora na Pinta,
walinitazama nikizoa vyao kabla havijapoa,
na nadhani walicheka.
Don Eleuterio alicheka kwa hakika,
viwiko juu ya ukuta wa mawe:
"Kitendawili!"
Tega.
"Kwa Nemesia wamemzika nani, mbona analishwa?"

Siku ya arobaini mfuko ukatuna.
Tukawasha kiberiti: fyu. Kikazimika.
Cha pili. Cha tatu.
"Hiyo ni pumzi tu," Abelino akasema kwenye simu,
"bado haijawa moto. Iacheni itoke."
Nemesia akarudi kwa kuni zake bila neno.
Nikamsikia akikohoa,
na safari hii kikohozi kilikuwa na ushindi.

Usiku, akimenya viazi, akanipa sababu zake.
Pafukapo moshi pana moto;
moto usiofuka, nani ataujua ni wa nani?
Nyasi za paa hukaushwa na moshi,
ukiisha, wadudu watalila paa.
Simbilisi watakufa kwa baridi.
Na marehemu Teófilo...
Akanyamaza, akageuza kiazi.
Marehemu alizoea kuketi ng'ambo ile ya figa,
na penye moshi mtu aweza kulia
asiulizwe.

Sikuwa na jibu. Nikabeba ndoo.

Siku ya sabini na moja
niliamka jua limeshaingia chumbani.
Kimya.
Ukuta haukukohoa.
Nikakimbia peku uani, kilio tayari kimenikaa kooni,
nikausukuma mlango:

amekaa kwenye kigoda, mgongo wima,
mikono mapajani, haina cha kufanya.
Mbele yake ua la buluu limechanua chini ya birika,
linanong'ona kitu kisichokwisha.
"Limewaka tangu alfajiri," akasema, hanitazami.
"Sikuona haja ya kukuamsha."
Kahawa ilikuwa imechemshwa mara mbili.

Maji meusi yatokayo upande wa pili wa mfuko
tunayamwagia viazi.
Juzi Don Eleuterio alikuja na dumu,
akaomba kidogo, akitazama viatu vyake.

Ila kila Jumamosi, jioni,
Nemesia hukusanya kuni chache, huchutama, hupuliza.
Kwa ajili ya paa, husema.
Kwa ajili ya simbilisi.
Nami natoka na ndoo yangu kuulisha mfuko,
nawarudishia mlango taratibu,
nawaacha wawili.